Mpira wa Petroli

Vitu vidogo vina desturi ya kusahauliwa na wale wanaovitegemea. Tajiri hamkumbuki bawabu mpaka asubuhi atakapoukuta mlango wazi, na mwenye pikipiki haukumbuki mpira wa petroli mpaka siku petroli itakapodondoka. Mpira huo aghalabu haupiti urefu wa shubiri moja. Mpita njia hauoni, muuzaji hausifu, wala hautajwi pikipiki inapohadithiwa habari zake. Walakini chakula chote cha injini hupita katika koo lake, na kati ya petroli inayoshuka na chuma chenye moto hapana kizuizi kingine ila ngozi yake nyembamba.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Muheza, katika mkoa wa Tanga, alikuwa na pikipiki aina ya Honda CG125 aliyoinunua mwaka 1991, nayo ilikuwa imekwisha tumika. Aina hiyo ilianza kuundwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo barabara zake ni ngumu na matunzo ni haba. Waundaji wake waliacha mnyororo wa kuendesha vali wakatia fimbo za kusukuma, ili injini istahimili uvumilivu wa mwenyewe na usahaulifu wake pia. Injini za bodaboda nyingi zilizoletwa kutoka China ni wajukuu wa injini ile. Pikipiki ya mwalimu ilibeba madaftari, ikabeba mifuko ya saruji iliyojenga nyumba, na usiku mmoja wa masika ilimbeba mkewe mwenye uchungu mpaka hospitali. Kwa hiyo haikulala nje. Kama ilivyo katika nyumba nyingi zinazoogopa wezi, kila jioni iliingizwa sebuleni, na karibu nayo, juu ya godoro lililotandikwa chini, alilala mjukuu wa miaka saba.

Usiku mmoja mke wa mwalimu alisimama mlangoni akasema, "Baba, nyumba inanuka petroli."

"Pikipiki gani isiyonuka petroli?" alijibu mwalimu, naye hakuinua macho katika gazeti lake.

Mama yule hakubishana. Alizima jiko la mkaa lililokuwa ukumbini na sufuria ya kisamvu juu yake, kisha alimwinua mtoto, akachukua na godoro, akampeleka chumbani kwake. Asubuhi mwalimu aliona juu ya sakafu ya saruji, chini ya injini, doa lenye upana wa sahani. Alilitazama doa, akatazama mahali lilipokuwa godoro, akapima kwa macho umbali uliokuwapo. Haukufika hatua mbili.

Mtu aliyesomesha watoto miaka mingi alijua mambo ambayo doa lile lilikuwa likisema. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Muheza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Kwa sababu hiyo haupandi darini kama moshi, bali hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, kule kule wanakolala watoto na kunakowekwa majiko. Elimu hii mwalimu alikuwa nayo usiku ule. Alichokosa ni nia ya kuitumia dhidi ya kitu alichokipenda.

Alipoinama akaupapasa mpira, aliuona umekuwa mgumu kama kijiti. Penye ncha yake ya juu, ulipovutwa kuuvaa mdomo wa koki ya tangi, palikuwa na nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Hapo alikumbuka kwa haya kwamba nyufa zile hazikuwa ngeni. Mara mbili katika miaka iliyopita alikuwa amekata ncha iliyopasuka, akausukuma mpira uliobaki mahali pake, akajisifu kwa kuokoa fedha. Kila alipoukata ulizidi kuwa mfupi, na kila ulipozidi kuwa mfupi ulivutwa zaidi, na kila ulipovutwa ulipasuka upesi zaidi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Aliisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kwa fundi, kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nakuletea mgonjwa."

Fundi alichunguza kwanza koki, kisha kabureta, maana petroli huweza kumwagika pia boya la kabureta linaposhindwa kuziba. Vyote viwili vilikuwa vizima. Ndipo alipoukunja mpira kidogo kwa vidole viwili, nao ukavunjika. Ndani yake zilitoka chembe nyeusi zilizokuwa zikingojea siku ya kuziba tundu za kabureta.

"Nenda dukani, Mwalimu," alisema fundi, "lakini usiombe mpira tu. Ukiomba mpira, utapewa mpira."

Maneno hayo yalionekana kama mzaha, lakini yalikuwa na hekima yote ya jambo lile. Katika Kiswahili jina mpira limepewa kazi nyingi kuliko nguvu zake. Mpira huchezwa uwanjani. Mpira huzunguka na gurudumu. Mpira hupitisha maji bustanini. Na katika Muheza mpira huliwa, kwa kuwa kisamvu cha mpira ni majani ya mti uliotoka Brazili, nao ni ndugu wa muhogo. Wajerumani waliupanda mti huo kwa wingi katika nchi ya Tanga ili wapate utomvu wake, mpaka mwaka 1913 bei ilipoanguka kwa ushindani wa mashamba ya Asia, mashamba yao yakaachwa. Utomvu ulisahauliwa, majani yakabaki chunguni. Lakini mpira wa utomvu, ambao ni mwema kwa gurudumu, ni adui wa petroli. Asili zao zinakaribiana, na vitu vya asili moja hukaribishana: petroli huingia mwilini mwa mpira huo, ukavimba, ukalegea, ukaharibika. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo wataalamu wa Ujerumani walipotengeneza mpira wa nitrili, ambao asili yake ni mbali na ya petroli, na kwa hiyo huipitisha bila ya kuikaribisha.

Mwenye duka la vipuri alitandaza mbele ya mwalimu mipira minne.

Wa kwanza ulikuwa wa plastiki, mweupe, wa kuonyesha kilichomo, na bei yake ilikuwa ndogo. Ulikuwa laini na wa kupendeza, na mtu angeweza kuona petroli ikishuka ndani yake. Lakini ulaini wa plastiki ya namna hiyo ni wa kuazima: umetiwa dawa ya kulainisha, na petroli huiosha dawa hiyo kidogo kidogo, mpaka baada ya miezi plastiki hugeuka manjano, hukauka na kuchomoka mahali pake. Iko mirija ya kuonyesha iliyotengenezwa makusudi kwa petroli; ule haukuwa mmoja wao, wala haukuandikwa neno.

Wa pili ulikuwa mnene mno, wenye nyuzi za chuma ndani, wa mashine za kuinua mizigo kwa nguvu za mafuta. "Huu haupasuki, Mzee," alisema mwenye duka. Pengine alisema kweli. Walakini katika CG125 petroli hushuka kwa uzito wake wenyewe kutoka tangini. Kimo chake hakizidi sana sentimita 30, na msukumo wake haufiki hata sehemu moja ya thelathini ya msukumo wa hewa inayotuzunguka. Hapakuwa na nguvu ya kuupasua mpira. Kilichoua mpira wa zamani kilikuwa joto la injini, miaka, mvuto wa ncha fupi, na tabia ya kile kilichopita ndani yake. Kumpa askari ngao ya chuma hakumsaidii ikiwa adui yake ni homa.

Wa tatu ulikuwa mweusi, wa nitrili, wenye nyuzi za kitambaa katikati. Juu yake palichapwa SAE 30R7, pamoja na kipimo cha tundu lake. Herufi hizo ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na namba ile ni ya mipira ya petroli isiyosukumwa kwa nguvu kubwa. Wa nne ulifanana na wa tatu kwa sura, lakini uliandikwa 30R9 na bei yake ilikuwa mara kadhaa. Huo una utando wa ndani wa mpira wenye florini, nao huhimili msukumo mkubwa wa injini zinazopulizia petroli. Tena hupitisha mvuke kidogo zaidi, na huvumilia vizuri petroli iliyochanganywa na ethanoli. Sifa hii ya mwisho si ndogo. Malawi imechanganya ethanoli ya miwa katika petroli tangu mwaka 1982; Uingereza iliifanya petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida mwaka 2021; na mipira mingi ya pikipiki za kale iliyodumu katika petroli tupu imeharibika upesi ilipokutana na mchanganyiko huo. Mwenye pikipiki ya kale katika nchi za namna hiyo hatajuta akitoa fedha zaidi.

Mwalimu alikaribia kuuchukua mpira wa bei kubwa, kwa maana dhamiri ikiumwa hupenda kulipa. Lakini aliukunja mkononi kwa kadiri ya pembe iliyokuwapo kati ya koki na kabureta, akauona unajibana katikati kama koo lililokabwa. Ulikuwa mgumu kwa njia fupi kama ile. Akaukunja wa tatu, nao ukafuata pembe bila ya kujibana. Petroli aliyoitumia ilikuwa tupu, na msukumo ulikuwa wa uzito wake tu. Akanunua wa tatu, nusu mita, na vibano viwili vya waya wa springi, ambavyo hubana pande zote bila ya kuikata nyama ya mpira.

Fundi alihakikisha kuwa tundu la mpira lilikuwa dogo kidogo kuliko mdomo wa koki, kwa kuwa mpira mpana ukilazimishwa kwa kibano hufanya mikunjo, na petroli hupita katika mikunjo hiyo. Alikata urefu wa kutosha kushuka bila ya kuvutwa, wala kulegea ukaigusa injini. Akachovya ncha katika maji ya moto zilainike, akauvalisha. Kazi yote haikuchukua robo saa.

Mwalimu hakumwambia mkewe kwamba hatari imekwisha. Kwa siku tatu aliilaza pikipiki katika kibanda cha kuni chenye kufuli, koki imefungwa, na karatasi kavu ya gazeti chini ya injini. Kila alfajiri aliichukua karatasi, akaitazama, akainusa, akaileta jikoni akaiweka mbele ya mama yule pasipo kusema neno. Karatasi ya tatu ilipokuwa kavu kama zilizotangulia, alisema, "Usiku ule ulisema kweli, nami nilikujibu upuuzi."

"Mtoto atalala kwangu," alijibu mkewe, "na pikipiki italala kule kule kibandani."

Ikawa hivyo. Mpira mpya uliziba petroli, lakini haukuweza kurudisha imani iliyovuja usiku mmoja. Kwa hiyo kila magharibi mwalimu aliifunga koki, akapitisha kidole chini ya mpira toka juu mpaka chini, na kukinusa, kabla ya kufunga mlango wa kibanda. Mpira hauandikiwi kudumu milele, wala uangalifu haununuliwi dukani pamoja nao. Mwenye kuchagua vizuri amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki hufanywa kila siku.