Neno Bure Nimeliacha

Ukimwambia mwenye karasha hapa Sekenke kwamba programu ni ya bure, umeshamkosa. Dhahabu inachimbwa hapa tangu enzi za Wajerumani, na watu wanajua kwamba rahisi ni ghali. Mjomba wangu aliniuliza, “Ikiharibika, namdai nani?” Swali halali kabisa. Tangu hapo neno bure nimeliacha, naongea hesabu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hakikuhitaji kungoja kampuni ione kama Kiswahili kinalipa, maana msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote. Nikamwambia: faida ndiyo hiyo, mjomba. Ukigombana na fundi mmoja, mwingine anafungua faili lilelile. Hela ambayo ungelipia leseni unampa kijana wa kumfundisha karani wako. Gharama ipo, ila inabaki Iramba.

Alinyamaza kidogo. “Basi tuanze na madeni,” akasema.

Sijui kama nilimshawishi. Ila daftari la madeni, mjomba alikuwa hajawahi kumwonyesha mtu.