Mama kaja Wuhan, tukaenda kunywa chai

Najua nimepotea. Kulikuwa na mitihani ya katikati ya muhula, halafu nikapata ugeni, na ugeni wenyewe si wa kawaida: mama yangu mzazi alikuja China. Ndiyo, mama yule yule wa vitumbua wa Tanga ninayemtaja humu kila mara. Wapo walioniuliza hela ya tiketi kaipata wapi, kwa hiyo ngoja nianzie hapo.

Mama mkubwa anafanya biashara ya mikoba na viatu, na kila mwaka ikifika Oktoba huja Guangzhou kufuata mzigo. Safari hii akamkatia mama tiketi, na sababu aliisema waziwazi mbele ya familia nzima: kilo 46. Ndege yao inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila abiria, kwa hiyo ukija na ndugu yako unarudi na mzigo mara mbili bila kulipia meli. "Mdogo wangu atatembea, na mimi nitapata kilo zangu." Huyo ndiyo mama mkubwa. Walipomaliza manunuzi wakapanda treni ya mwendo kasi, safari ya kama saa nne hivi, wakaja kwangu Wuhan siku tatu.

Sasa mgeni akija Wuhan humkimbizi ziwani wala kwenye mnara. Kwanza unampeleka kunywa chai. Watu wa hapa wana neno lao kabisa, guozao, ni kama kusema "kuipitisha asubuhi", na wanaipitisha nje, si nyumbani. Ukitoka saa moja asubuhi utamkuta mtu na suti yake anakula tambi huku anatembea, mwanafunzi anakula kwenye ngazi za treni ya chini, bibi kizee kakalia kigoda cha plastiki na kigoda kirefu zaidi ndiyo meza yake. Bakuli la karatasi, vijiti, dakika tano, kwisha. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nashangaa, sasa hivi nakula nakimbia kipindi na simwagi hata tone.

Mama mkubwa yeye alishajichagulia. Kaona kwenye simu mtaa wa Hubu Xiang, ule wa vyakula karibu na Mnara wa Korongo wa Njano, akataka huko huko. Nikamwambia pale ni bei ya watalii. Halafu kuna suala la nguruwe. Wuhan vitu vingi vizuri vya asubuhi vina nguruwe ndani. Doupi, ule wali wa kunata uliofunikwa chapati ya yai, una nguruwe. Shaomai yenye pilipili manga, nguruwe. Hata tambi ambazo hazina nyama, unaweza kukuta mchuzi wake umechemshiwa mifupa. Hapo nikamwachia mshikaji wangu wa Pemba, yule wa masters, kwa sababu kwa kutafuta halali mjini hapa yeye ni mufti. Akasema, "Yakhe, twende Wuchang kule kwa Wahui, hapana maneno." Wahui ni Wachina Waislamu, maduka yao utayajua kwa kibao cha kijani na neno qingzhen.

Tukaondoka sita: mama, mama mkubwa, mie, Mpemba, dada wa Mwanza anayesoma udaktari, na binti mmoja wa maabara tunayosoma naye, mwenyeji wa hapa hapa. Saa kumi na mbili na nusu tupo kituoni. Mama kavaa kitenge, juu sweta langu, juu ya sweta khanga. Kile kibaridi cha mwisho wa Oktoba sisi tumekizoea, yeye alikuwa anaongea na Mungu wake kimya kimya.

Tukaagiza reganmian, tambi kavu za moto. Kwa wasiojua: ni tambi za magadi, zinachemshwa nusunusu, zinapakwa mafuta na kupepewa zipoe zisishikane. Mteja akija zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kidogo tu, zinaingia bakulini, juu yake rojo nzito ya ufuta, mchuzi wa soya, figili za kuchachusha, majani ya vitunguu na mafuta ya pilipili. Unatakiwa uzichanganye haraka kabla hazijawa tonge moja. Mama mkubwa akaongezewa nyama ya ng'ombe kwa sababu yeye ni mama mkubwa.

Mama akaonja, akatulia. "Hii ufuta."

Ndiyo mama, ufuta.

"Ufuta huu huu wa Lindi?"

Nikamwambia wa bakuli hili siwezi kuapa, lakini China inanunua ufuta mwingi sana kutoka kwetu, Lindi na Mtwara wanalijua hilo kuliko mimi. Mama mkubwa akadakia mdomo umejaa: "Tunawauzia ufuta, tunanunua mikoba. Haya, kula."

Nikaanza kutamba sasa. Nikamwambia mama hili bakuli ni yuani 6, mji wenye watu zaidi ya milioni 10, chakula cha kushiba mpaka mchana, yuani 6! Hapa ndipo nimfundishe mtu maisha ya nafuu. Mama akauliza yuani moja shilingi ngapi. Kama 350. Akatazama juu kidogo, mnajua watu wa biashara ndogo wanavyopiga hesabu, midomo inacheza. "Elfu mbili na mia moja." Akaendelea kula. Kisha akaonyesha zile mianwo zilizokuwa zinakaangwa mlangoni. Na zile? Yuani 2. "Mia saba! Kitumbua kimoja?" Kwake kitumbua mia mbili, na ukichukua viwili na chai ya rangi chenji inabaki kwenye elfu moja yako. Nikanyamaza. Wale ambao ufadhili wenu unakuja na posho hamtaelewa kimya kile. Mpemba anapata yuani 3,000 kila mwezi za serikali ya China. Wangu mimi ni msamaha wa ada tu, hela ya kula inatoka Tanga, laki mbili kila mwezi, na laki mbili ni kama yuani 570. Gawanya kwa siku 30 uone.

Lakini mama alishanisahau, yupo mlangoni anamwangalia mkaangaji. Mwanamke wa umri wake tu, aproni nyeupe, kichwani kitambaa. Mianwo ni unga wa mchele na soya uliosagwa na maji, vitunguu majani, chumvi, na siri yake ipo kwenye upawa. Upawa wenyewe wa chuma, katikati umeinuka kama kichuguu. Unamimina uji, unapitisha kidole katikati unakuwa mwembamba, unazamisha kwenye mafuta. Pembeni panatoka panene na laini, katikati panakauka kau! Mama akasimama pale kama mtu kaona televisheni. Akataka kuuliza maswali.

Sasa tafsiri ikawa hivi: mama anasema Kiswahili, mimi naweka Kichina cha darasani, mama wa mianwo hakielewi vizuri Kichina changu, binti wa maabara anaweka kwa lafudhi ya Wuhan, jibu linarudi njia ile ile. Mchele unalowekwa muda gani? Usiku kucha. Na mama pia analoweka usiku kucha. Unaamka saa ngapi? Saa tisa usiku. Mama akajipiga kifua, na yeye saa tisa. Kilo ngapi kwa asubuhi? Hapo wakaanza kuonyeshana vidole wenyewe, hawakutuhitaji. Wakaonyeshana mpaka makovu ya mafuta mikononi. Dada wa Mwanza alikuwa anacheka machozi yanamtoka.

Binti wa maabara akamuuliza mama wa mianwo kama kuna siku hupumzika. Akasema mwaka mpya wa Kichina tu. Halafu akaongeza, isipokuwa 2020. Mnakumbuka, Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari mpaka 8 Aprili, siku 76. Binti anasema siku zile kulikuwa na mchoro ulizunguka kwenye simu China nzima, bakuli la reganmian limelazwa hospitali, na vyakula vya mikoa mingine vimesimama nje ya kioo vinalipa moyo. Yeye alikuwa kidato, anasema bakuli la kwanza baada ya kufunguliwa alikula amelia. Mama wa mianwo yeye hakusema habari za kulia. Alisema alikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu bila kukaanga kitu na mikono ilikuwa inamwasha.

Nikamtafsiria mama. Mama akamwangalia yule mwanamke, akasema, "Mwambie mimi huu mwezi wa nne."

Nikafungua mdomo nitafsiri. Nimeshasema neno la kwanza la Kichina ndipo nikasikia ninachotaka kukisema. Binti ananiangalia anasubiri. Mama mkubwa mezani akaweka vijiti chini, akasema polepole, "Nilikwambia umwambie mwenyewe kabla hatujapanda ndege."

Kumbe tangu mwezi wa saba hakaangi. Pale kituo cha daladala walihamishwa wote, wakapewa sehemu nyingine ambayo asubuhi haipiti hata mbuzi. Kajaribu wiki mbili, vitumbua vinarudi nyumbani, majirani wanakula bure. Kaacha. Na laki mbili zangu? Kakopa kwenye kikoba. Tarehe ile ile, kiasi kile kile, haikuchelewa hata siku moja, na mimi napokea naandika "asante mama" na kopa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ningekwambia ungefanyaje, ungerudi? Si ungeanza kulala na njaa tu." Alisema bila ukali, kama anamweleza mtu bei. Mama wa mianwo akawa anauliza kuna nini. Binti wa maabara, Mungu ambariki, sijui alielewa kiasi gani, akamwambia tu huyu mama naye alifungiwa. Yule mwanamke akatoa mianwo moja ya moto kwenye chujio, akaifunga karatasi akampa mama, na alipotaka kulipwa mama mkubwa akakataliwa.

Tukarudi kukaa. Nikamwambia mama mwezi ujao atume laki moja, nitaweza. Akasema kikoba kinaisha Machi na yeye hajazeeka. Mabishano yakawa marefu siwezi kuyaandika yote hapa. Mpemba akaingilia, akasema chuo kina ufadhili wa ndani kwa wanaoendelea, maombi yanafunguliwa muhula ujao na matokeo yangu si mabaya, atanisaidia kuandika barua. Wakati tunabishana, kipaza sauti cha dukani kikatangaza kwa sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu: umepokea yuani sabini na tano. Binti wa maabara kaskani katulipia sote sita! Mama mkubwa alitaka kupigana. Mama akauliza kile kisanduku kimesema nini, nilipomweleza akasema Lipa Namba ya kwetu nayo ifundishwe kuongea, wateja wangeacha kumdanganya kwamba wameshatuma.

Mchana wakataka kwenda Hanzheng Jie, soko la jumla kule Hankou. Nilidhani ni mambo ya mikoba. Mama akaenda moja kwa moja kwenye vyombo, akatafuta ule upawa wenye kichuguu. Akachukua vinne. Nikamuuliza vya nini na biashara imesimama. Akasema shule ya sekondari iliyo nyuma ya kwetu ina geti la pili, na watoto wa sekondari hawajawahi kuona kitumbua chenye katikati kinacholia. Soya atapata sokoni. Atauza mia mbili, si mia saba, yeye si mwizi.

Mama mkubwa akazichukua zile pawa akazipima mkononi, moja moja. "Hizi zinakula kilo yangu nzima." Akalipa.

Wameondoka Jumapili. Kesho nina test ya termodainamiki saa mbili kamili, ngoja nikafungue daftari.