Parokia Inayohama na Mpunga: Kumbukumbu za Katekista wa Bonde la Kilombero

Parokia, kwa mujibu wa Mkusanyo wa Sheria za Kanisa Katoliki uliotangazwa mwaka 1983, ni jumuiya ya waamini iliyoundwa kwa namna ya kudumu ndani ya jimbo na kukabidhiwa paroko, ambaye huiongoza chini ya mamlaka ya askofu. Na ni hilo neno "kudumu" ambalo mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekuwa katekista wa kigango kimoja kati ya Ifakara na Mlimba tangu mwaka 1978 hadi 2012, alilihangaikia kuliko lolote jingine katika utumishi wake. Bonde la Kilombero lina waamini wengi na imani isiyoyumba, lakini watu wake hawakai mahali pamoja mwaka mzima.

Sababu yake ni maji. Bonde hilo limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mto uliolipa jina hufurika mvua za masika zinapokolea, hasa Machi na Aprili, ukiacha udongo ambao mpunga huupenda. Kwa hiyo kaya nyingi, Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga, hufunga nyumba zao za kijijini na kuhamia mashambani, ambako hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mlinzi awe juu ya maji na aweze kuwaona ndege, nguruwe pori na viboko kabla hawajaharibu mazao. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu kwenye vijiji vya kudumu, lakini haikuweza kuyahamisha mashamba, na matokeo yake umbali kati ya kanisa na dungu uliongezeka badala ya kupungua. Kanisa lililojaa hadi barazani siku ya Noeli lilibaki na vikongwe na wagonjwa ifikapo Kwaresima.

Mfumo wa huduma ambao katekista huyo aliurithi ulikuwa na historia ndefu. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuwaondoa wamisionari wa Kijerumani, Wakapuchini kutoka Uswisi walishika nafasi yao kuanzia mwaka 1921, wakifuatana na masista wa Baldegg, na mwaka 1964 likaundwa Jimbo la Mahenge chini ya Askofu Elias Mchonde. Padre mmoja alihudumia vigango vingi, na kigango ni kituo cha sala kilicho chini ya parokia, chenye kanisa lake na halmashauri yake lakini kisicho na padre anayeishi hapo. Padre alipokuwa kwingine, jambo lililokuwa la kawaida Jumapili nyingi, katekista ndiye aliyeongoza ibada ya Neno, akafundisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo, akazika wafu na kusuluhisha wanandoa.

Mwandishi hana budi kulikiri kosa la miaka yake ya mwanzo. Kwa kuwa alifundishwa kwamba mahudhurio ndiyo kipimo cha nia, aliwafuta katika orodha ya Komunyo ya kwanza watoto wote waliokosa mafundisho kati ya Februari na Mei, na alifanya hivyo misimu miwili mfululizo, huku akiamini kwamba anailinda heshima ya sakramenti. Mzee mmoja wa halmashauri alimwendea bila hasira, akamwomba waende pamoja mashambani kwa mtumbwi, na huko wakawakuta watoto wale wale waliofutwa wakiwa juu ya madungu, wakipiga madebe kuwafukuza ndege tangu alfajiri na, katikati ya kazi hiyo, wakisali rozari kwa kupokezana kutoka dungu moja hadi jingine. Tangu siku hiyo mafundisho yalihamia shambani. Siku za juma ziligawanywa kwa mikondo ya mto badala ya mitaa ya kijiji, na jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wameziweka mbele katika mkutano wa shirikisho lao, AMECEA, wa mwaka 1976 kama msingi wa maisha ya Kanisa, zikapangwa kwa kufuata majirani wa msimu wa mpunga. Salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo" ilivuka maji kabla mtumbwi haujafika, na jibu lake, "Milele, amina", ndilo lililomwelekeza katekista njia ndani ya mpunga uliozidi kimo chake alipokuwa ameketi.

Kazi iliyomkaa moyoni kuliko zote ilikuwa ya kuandika. Rejista ya ubatizo, kitabu kinachotunzwa parokiani, hubeba namba ya kila mbatizwa, jina lake, siku aliyozaliwa, wazazi, msimamizi na mhudumu aliyembatiza, na kando yake huachwa nafasi ambamo baadaye huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa hiyo imefungwa mbali, kwa kuwa parokia ya ndoa inawajibika kuipa taarifa parokia ya ubatizo. Katekista alitunza daftari la kigango, akalisafirisha likiwa limefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, na majina yakanakiliwa rejistani. Kwa kuwa wazazi wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ubatizo ndicho kilichoonyeshwa shuleni na katika ofisi nyingi, na hivyo tarehe ilihitaji uangalifu mkubwa. Mama alisema mtoto alizaliwa wakati wa kupandikiza, au siku chache kabla ya maji kufika kwenye nguzo ya pili ya dungu, na katekista alilazimika kuugeuza mwaka wa mpunga kuwa mwaka wa kalenda.

Katika daftari hilo kulikuwa na alama ambayo hakupenda kuiandika, ile ya ubatizo wa hatari. Huo ni ubatizo unaotolewa na mtu yeyote, hata asiye padre, kwa mtu aliye karibu kufa, kwa kummiminia maji na kutamka maneno ya sakramenti. Na kwenye madungu, ambako mbu ni wengi na hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoko Ifakara ilikuwa safari ya siku nzima, degedege liliwaita makatekista usiku mara nyingi. Katika miaka ya 1990 mradi wa KINET ulipoanza kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, utafiti uliofuata ulionyesha kwamba uwezekano wa kuishi kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani yake uliongezeka kwa asilimia 27. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, ndio waliohakikisha kwamba chandarua kinapelekwa shambani pamoja na sufuria na jembe, kwani chandarua kilichoachwa kijijini hakikumlinda mtoto aliyelala dunguni. Na mwandishi anashikilia kwamba hakuna mahubiri yake yaliyozidi kazi hiyo ya akina mama.

Kuhusu jengo la kanisa, inatosha kueleza kwamba matofali yalichomwa kwa pumba za mpunga baada ya mavuno, na kwamba bati lilinunuliwa kwa madebe ya mpunga yaliyotolewa kama zaka. Waliolijaza nao walibadilika: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliwaleta watu kutoka Mbeya na Iringa, na baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, nao walipewa nafasi katika kwaya kabla ya kupewa viti katika halmashauri. Kasoro hiyo ilichukua miaka mingi kurekebishwa.

Januari 2012 liliundwa Jimbo la Ifakara, Askofu Salutaris Libena akiwa wa kwanza kuliongoza, na vyeti vikabadilishwa kichwa. Mwaka huo huo katekista alikabidhi daftari kwa mwanamume aliyekuwa miongoni mwa watoto waliofutwa zamani, na kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja ilikuwa kuandika kando ya namba ya mwanamume huyo taarifa ya ndoa yake, kisha wakasukuma mtumbwi majini, kwa kuwa ilikuwa Machi na waamini walikuwa mashambani.