Breki Zinalia, Redio Juu

"Hilo vumbi tu, mwalimu," ba'mdogo aliniambia, akaongeza sauti ya redio. Corolla yake ilikuwa inalia kila akikanyaga breki, na asubuhi anabeba watoto wa shule. Nikapiga jeki, nikavua tairi la mbele. Pedi imebaki kama milimita 2, na kale kachuma kanakowekwa makusudi kapige kelele pedi ikikaribia kuisha kanakwaruza diski. Diski bado nzima, ashukuriwe Mungu. Pedi mpya, kulia na kushoto, zikala nauli yangu ya chuo. Grisi nikapaka kwenye pini (siyo kwenye pedi jamani!). Kabla hajaondoa gari nikamwambia akanyage breki mpaka pedali iwe ngumu. Akakanyaga, redio kaizima. Chuoni nilifika Jumatano, jaribio la Jumatatu limeshanipita.