Ladha ya Mkono

Waswahili wamenena kwamba mkono mtupu haulambwi. Wakorea nao wana neno lao fupi, sonmat, ambalo maana yake ni ladha ya mkono. Hulitumia kumsifu mpishi ambaye chakula chake hakifanani na cha mwingine, hata kama wawili hao wamenunua viungo kwa muuzaji mmoja na wamepikia sufuria moja. Chumvi ni ile ile, pilipili ni ile ile. Kilichozidi ni mkono. Na kwa kuwa mkono haurithiwi kama shamba, wala hauandikwi katika hati ya wasia, nyumba nyingi za Korea zenye mama mzee na binti mtu mzima zina swali ambalo halitamkwi mezani: siku mkono huu utakapotulia, ladha yake itakwenda wapi?

Swali hilo lilimfuata binti mmoja ndani ya treni itokayo Seoul kwenda Jeolla, kusini-magharibi ya nchi, mwishoni mwa mwezi wa Novemba. Mama yake alikuwa amempigia simu na kumwambia maneno mawili tu: kabichi zimefika. Katika msimu ule maneno hayo hayahitaji nyongeza. Ni wito wa kimjang, yaani kazi ya kutengeneza kimchi ya kuliwa majira yote ya baridi. Kabla ardhi haijaganda, jamaa na majirani hukusanyika wakafanya kazi hiyo kwa ujima, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na anayesaidia harudi kwake mikono mitupu. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza desturi hiyo ya Korea Kusini katika orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika, na mwaka 2015 ikaiingiza ya Korea Kaskazini. Nchi iliyokatwa vipande viwili ilikutana tena katika orodha, kwa ajili ya kabichi.

Binti alikuwa na zaidi ya miaka arubaini, na miaka kumi alikuwa akikwepa wito ule. Mara kazi, mara mtoto ana homa, mara njia ina theluji. Kila mwaka kasha lilimfikia Seoul limefungwa kwa kamba, na ndani yake kimchi ya mama. Alikula, akashukuru kwa simu, akarudisha vyombo vitupu. Sababu yake ya kweli hakuwahi kuisema.

Sababu yenyewe ilikuwa mgongo wa mama. Tangu utotoni alimwona mama yake kwa nyuma, ameinama. Sikukuu za Seollal na Chuseok zilipofika, wanaume walivaa wakasimama mbele ya meza ya wahenga, na wanawake walikuwa jikoni tangu alfajiri wakikaanga samaki na vipande vya boga vilivyochovywa katika unga na mayai. Mama alikuwa mkwe wa mtoto wa kwanza wa kiume, na mzigo wote ulimwangukia yeye. Alikula wa mwisho, mara nyingi kwa kusimama. Wageni walipoaga walimsifu: hakika mkono wako una ladha. Binti alizisikia sifa hizo kama kufuli linalofungwa mlangoni. Mwenye mkono kama ule atawezaje kuruhusiwa kupumzika?

Hakuwa peke yake katika uchungu huo. Wakorea wana jina la maradhi yanayowapata wake baada ya sikukuu, maradhi ya uchovu, ya mgongo na ya hasira zilizomezwa. Mwezi wa Septemba 2022 hata Sungkyunkwan, taasisi kongwe ya mafunzo ya Confucius, ilitoa mwongozo wa kupunguza meza ya Chuseok. Aina tisa za vyakula zinatosha, ilisema, na si lazima vya kukaanga viwepo. Wanawake wengi walicheka waliposikia. Waliokaanga miaka hamsini waliambiwa kwamba wahenga hawakuwa wakidai mafuta yale.

Hata hivyo, mwanadamu hana hesabu moja na mama yake. Binti alipojifungua, yule mama mwenye mgongo mbovu alipanda basi na furushi la mwani mkavu. Kwa siku 21 alimpikia mzazi miyeokguk, mchuzi wa mwani, asubuhi, mchana na jioni. Wasomaji wa visiwani, ambao wanaujua mwani kama zao la kusafirishwa ng'ambo, huenda wakastaajabu kusikia kwamba huko ndicho chakula cha kwanza cha mama aliyezaa. Na kila mwaka, siku aliyozaliwa mtu inaporudi, hunywa mchuzi ule ule. Ni kumbukumbu kwamba siku ile kulikuwa na mwingine aliyeumia. Neno la Kikorea la watu wa nyumba moja, sikgu, asili yake ni vinywa vinavyokula pamoja. Binti alijua kinywa chake kimelishwa na nani.

Alipofika, mama alikuwa uani, mbele ya mitungi. Nyuma ya nyumba za kale za Korea kuna jukwaa la mawe lipatalo jua na upepo, na juu yake hupangwa mitungi ya udongo iitwayo onggi. Udongo wake una matundu madogo yasiyoonekana, hata husemwa kwamba mitungi hiyo inapumua. Ndani yake hukaa nguzo za jiko lote. Maharage ya soya huchemshwa yakalainika, yakapondwa, yakafinyangwa mfano wa matofali, yakafungwa kwa mabua ya mpunga na kutundikwa mpaka yaote ukungu. Majira ya baridi yakienda ukingoni, matofali hayo hutiwa mtungini katika maji ya chumvi pamoja na makaa na pilipili kavu. Siku 40 hadi 60 zikipita, maji hutengwa yakawa ganjang, mchuzi wa soya, na masalio yakapondwa yakawa doenjang, ambayo hukolezea michuzi mingi. Wazee walibandika mtungini karatasi iliyokatwa mfano wa soksi, nyayo juu, ili mabaya yasikaribie. Mwaka 2024 maarifa haya nayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO.

Zipo nyumba ambazo hazimalizi mtungi hata siku moja. Huacha mchuzi wa kale kama mbegu, wakauongezea mpya mwaka hadi mwaka, na mtungi ukapita kutoka kwa mkwe hadi kwa mkwe. Mwaka 2017, katika dhifa ya Ikulu ya Seoul kwa Rais wa Marekani, kilitumika kitoweo kilichotiwa mchuzi ulioelezwa kuwa na umri wa miaka 360. Magazeti yaliuandika umri huo kwa mshangao. Hayakuhesabu wanawake waliofunua vifuniko jua lilipotoka na kuvifunika mvua ilipotanda, kila siku ya miaka hiyo. Mama wa binti huyu hakuwahi kulala ugenini siku mbili mfululizo. Mitungi haikumpa ruhusa.

Kazi ilianza alasiri. Kabichi zilikuwa 40. Zamani zilikuwa 150. Zilipasuliwa katikati, zikachovywa katika maji ya chumvi, kisha chumvi kavu ikanyunyizwa kati ya majani, hasa kwenye shina lililo nene. Chumvi yenyewe ni ya bahari, iliyoanikwa juani katika mashamba ya chumvi ya Sinan, visiwa vya pwani hiyo hiyo. Binti alikuwa amekuja na daftari na mizani ndogo ya jikoni. Kila mama alipochota konzi, alimzuia: "Subiri mama, weka kwanza humu." Mama alicheka, akaiweka chumvi mizanini kama mtu anayelipa ushuru. Konzi ya kwanza na ya tano hazikulingana.

"Kwa nini hii imepungua?"

"Kabichi hii ina maji kidogo, mwanangu."

"Umejuaje?"

Mama alifikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa. "Uzito wake mkononi," akasema.

Usiku wa manane waliamka kuzigeuza. Mama alimwonyesha kipimo kisichohitaji mizani: ukunje uti wa jani, ukikatika kwa mlio, chumvi bado, ukipinda kama mshipi bila kukatika, osha. Binti aliandika, kisha akafuta tarakimu zilizotangulia. Aligundua kwamba kipimo hakikuwa mkononi mwa mama peke yake, kilikuwa ndani ya kabichi pia, na mkono ulikuwa umezoea kukisoma.

Kuandika kwenyewe si jambo geni katika majiko hayo. Yapata mwaka 1670 mwanamke aitwaye Jang Gye-hyang, aliyeishi miaka ya 1598 hadi 1680 katika milima ya kaskazini ya Gyeongsang, aliandika Eumsik dimibang, kitabu cha maelekezo ya mapishi na pombe yapatayo 146. Hakukiandika kwa herufi za Kichina walizojivunia wanazuoni. Alitumia hangul, maandishi yaliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ambayo wakubwa waliyadharau kwa kuwa mepesi. Mwishoni aliwausia binti zake: wamenyime kitabu chenyewe njia ya kutoka nyumbani, bali kila mmoja anakili nakala yake; naye alikuwa amekiandika macho yakiwa yamechoka. Msomaji wa pwani, ambaye naye amelelewa na usia wa mama kwa binti, ataitambua sauti hiyo bila kuelezwa.

Na anayekifunua kitabu hicho akitafuta pilipili hataiona. Pilipili ilitoka Amerika, ikafika Korea karibu na zama za vita na Wajapani vya 1592 hadi 1598; mwandishi Yi Su-gwang aliitaja mwaka 1614. Ilichukua muda mrefu kabla ya kuipaka kimchi wekundu. Hata kabichi nene ya leo si ile ya wahenga: mtaalamu wa mimea U Jang-chun, aliyehamia Korea kutoka Japani mwaka 1950, alitumia miaka ya mwisho ya uhai wake kupata mbegu bora za kabichi na figili. Kwa hiyo kinachoitwa asili ni kitu kilichobadilishwa mara nyingi, na mikono mingi, kila mmoja ukidhani unafuata tu ulichoachiwa.

Asubuhi kabichi zilioshwa mara tatu, zikaachwa zichuruzike. Kaka yake binti alifika na mkewe, na safari hii, bila kuagizwa, ndiye aliyekaa kwenye mabeseni na glovu za mpira. Mama alimtazama, akageuka, hakusema kitu. Rojo likachanganywa: pilipili nyekundu ya kusaga, vitunguu saumu, tangawizi, figili iliyochanwa nyembamba, vitunguu vya majani, uji wa unga wa mchele, na uduvi waliovundikwa katika chumvi. Kimchi si achari. Haitiwi siki wala ndimu. Huchachuka yenyewe, kwa vijidudu vyake, na chumvi ndiyo inayochagua vijidudu gani viishi na vipi vife. Ikipungua, kimchi huoza. Ikizidi, hulala bila kuamka.

Mama alikata jani changa la ndani, akalipaka rojo, akalikunja, akamtia binti mdomoni kwa vidole vyake, kama alivyomfanyia utotoni. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemsikia akiuliza maishani: "Chumvi inatosha?"

Ilikuwa imezidi. Miaka miwili hivi kimchi ya kasha ilikuwa ya chumvi kali, na watoto wote walijua. Ulimi wa uzeeni huweza kusahau chumvi. Walikuwa wameambiana kwa simu, wakakubaliana wasimwambie. Walikula na wali mwingi, wakamsifu. Walidhani wanamhurumia. Sasa binti alimwona mama amesimama, kijiko mkononi, akimtazama mdomo, na akafahamu kwamba mama alikuwa anajua. Alikuwa amesubiri miaka miwili apatikane mtu wa kumwambia.

"Imezidi kidogo, mama."

Kaka aliinua kichwa kutoka kwenye beseni. Mama aliyashusha macho kwenye rojo, akakaa kimya muda ule wa mtu kuvua kiatu.

"Kata figili," akasema. "Vipande vinene. Vitie kati ya matabaka, vitainywa chumvi." Na alipoona binti amesita, akamsogezea beseni. "Onja wewe. Kuanzia leo onja wewe."

Walipaka jani kwa jani mpaka jioni. Mama alikaa kwenye kiti, mgongo ameuegemeza ukutani, akielekeza kwa kidole. Siku hizi mitungi haizikwi tena ardhini. Makasha mengine yalikwenda kwenye friji la kimchi, mengine kwenye gari la kaka. Mtungi mmoja tu ulibaki uani, kwa kuwa mama hakukubali.

Mwezi wa Januari, Seoul, binti alifungua kasha la kwanza. Kimchi ilikuwa imeiva, ikitoa povu dogo pembeni, na figili imelainika na kukolea. Alionja. Haikuwa ladha ya mama yake. Ilikaribiana nayo kama watoto wanavyokaribiana na wazazi, kwa paji la uso au kwa mwendo. Alipiga simu.

"Ikoje?" mama akauliza.

"Ya mwakani tutapunguza uduvi," akajibu.

Upande wa pili mama alicheka, akamuuliza kama amekula wali.