Kambi Iliyobaki Kwenye Fomula

Mwaka 2022 nilikuwa natunza takwimu za shirika moja la misaada, ofisi ya Kibondo. Faili la mgao nililirithi kwa waliotangulia. Kila nikilifungua, Excel iliuliza: kuna viungo vya nje, nivisasishe? Mwenzangu wa Kasulu alishazoea. “Kataa tu, dada, tupige kazi.”

Shiti ya muhtasari ilijumlisha kaya kutoka mafaili matatu. La Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. La Nduta, iliyofunguliwa upya 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka. Na la Mtendeli, wilayani Kakonko. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021. Wengine walirudi Burundi, wengine wakahamishiwa Nduta.

Faili lake nalo halikuwepo tena. Lilikuwa kwenye kompyuta ya mtu aliyekwishaondoka. Lakini seli yake haikuwa tupu. Excel huhifadhi thamani ya mwisho iliyoisoma, na isipopata faili la chanzo huendelea kuionyesha. Kosa la fomula hupiga kelele. Namba ya zamani hukaa kimya, imevaa kama wenzake.

Hivyo waliohamia Nduta walihesabiwa mara mbili. Na sabuni haziongezeki: ukizigawa kwa kaya nyingi kuliko zilizopo, kila mama anaondoka na pungufu.

Nilitenga siku nzima. Kwanza nilitoa nakala ya faili, maana kuvunja kiungo hugeuza fomula kuwa namba tupu, na huwezi kurudi nyuma. Kisha nikatafuta alama ya [ ndani ya fomula zote, kwa kuwa jina la faili la nje huandikwa kati ya mabano hayo. Za kwenye seli zilijitokeza haraka. Nikazivunja, nikahifadhi, nikafungua upya. Swali likarudi.

Viungo hujificha pasipo seli: kwenye orodha ya majina yaliyopewa maeneo ya shiti, kwenye grafu, kwenye kanuni za kupaka seli rangi, kwenye orodha za kuchagua. Changu kilikuwa kwenye shiti iliyofichwa, ndani ya orodha ya kuchagua majina ya kanda. Kuvunja viungo hakugusi orodha kama hiyo. Niliifuta kwa mkono.

Namba za Mtendeli sikuzitupa. Niliziweka kwenye shiti yake, na tarehe juu, nje ya hesabu, na jumla ikashuka. Watu waliishi pale, wakazaliana, wakazikana. Ni haki ibaki karatasi inayosema hivyo. Ila isigawane sabuni na walio hai Nduta.

Kambi ikifungwa, watu huambiwa siku ya kuondoka. Faili haliambiwi. Lazima mtu akae alitafute, seli kwa seli, hadi lijue.