Ombi la Mlima

Watu husafiri kwa sababu nyingi, na mara nyingine sababu waitajayo siyo iliyowatoa nyumbani. Mimi na mwenzangu tuliwaaga rafiki zetu kwa kusema kwamba twaenda Nyuzilandi kupumzika. Kwa hakika tulikwenda kujichosha, kwani hatukubeba cho chote cha starehe ila viatu vya kupandia milima.

Nchi ile ni visiwa viwili vikubwa na vingine vingi vidogo, kusini katika bahari ya Pasifiki, na sidhani kuwa ipo nchi nyingine ya ukubwa wake iliyojaliwa sura nyingi kama hizo. Kisiwa cha Kusini kina Aoraki, mlima wenye kimo cha mita 3,724, na mito ya barafu ishukayo hadi karibu na misitu mibichi. Kina na ghuba nyembamba zilizochongwa na barafu ya zamani, ambamo maporomoko ya maji huangukia baharini. Kisiwa cha Kaskazini kina chemchemi za maji ya moto na matope yatokotayo kama uji jikoni. Haya nayapita upesi, maana kila kijitabu cha wasafiri kimeyasimulia. Nitakalo kueleza ni jambo la siku moja tu ya Januari, mwaka 2019, mwezi ambao huko ni wa kiangazi.

Katikati ya Kisiwa cha Kaskazini imesimama milima mitatu ya moto: Tongariro, Ngauruhoe na Ruapehu. Kwa Wamaori milima hii si mawe na majivu. Ni wazee wao. Kichwa cha mtu ni kitakatifu kwao kuliko viungo vyake vyote, na kilele ni kichwa cha mlima. Wana neno lao, tapu, ambalo twaweza kulikaribia kwa neno letu mwiko, ijapokuwa mwiko hautoshi kulijaza. Mwaka 1887 chifu Horonuku Te Heuheu Tukino, akihofu kwamba ardhi ingekatwa vipande na kuuzwa, alivikabidhi vilele kwa Serikali ya Malkia ili vihifadhiwe. Serikali ilikiita kitendo hicho zawadi. Mwaka 2013 baraza liamualo madai ya Wamaori lilisema kwamba chifu hakukusudia kutoa na kuondoka, bali kushirikiana katika ulinzi.

Njia ipitayo pale ni ya kilomita karibu 20, nasi tuliianza Mangatepopo kabla ya jua kupanda. Baada ya kupanda ngazi nyingi tulifika uwanda mkavu, na kulia kwetu ukasimama Ngauruhoe, mita 2,287, umbo lake kama kawa iliyofunika chakula. Mlima huu ulionyeshwa katika sinema za The Lord of the Rings, na tangu hapo watu wengi wametamani kufika kileleni. Wenyeji hawakupiga marufuku. Waliomba tu: piteni njiani, msipande vilele, msiguse maji ya maziwa. Hapakuwa na askari, wala faini, wala kamba.

Nikamwambia mwenzangu, "Ndugu yangu, kisichokatazwa na sheria ni halali."

Akajibu, "Ukiwa kwa mtu, nawe wamwona mzee wake amelala, wahitaji sheria ndipo usimkanyage?"

Akaketi juu ya jiwe, akafungua chakula chake. Mimi nikaondoka.

Nilipanda kwa muda wa nusu saa. Mteremko ule ni wa changarawe na mawe yasiyoshikana. Hatua mbili za kwenda zilikuwa moja ya kurudi. Kisha jiwe la ukubwa wa chungu likatoka juu, likanipita kwa kishindo karibu na bega, nami nikalisikia likienda chini kwa muda mrefu. Miguu ikaniisha nguvu. Sikumkumbuka chifu, wala Wamaori, wala adabu yo yote. Nilimkumbuka mama yangu. Nikageuka.

Mwenzangu alinipokea kwa furaha. "Nilijua moyo wako utakurudisha," akasema. Nikanyamaza.

Tukaendelea mpaka Kreta Nyekundu, ambako mvuke watoka ardhini na harufu ya kiberiti yakaba koo, na chini yake tukaona maziwa matatu ya kijani, mazuri hata mtu aona haya kuyatazama kwa macho yenye jasho. Tuliyapita bila kuyagusa. Upande wa pili wa mlima ndiko kreta ya Te Maari ilikolipuka usiku, Agosti 2012, ikarusha mawe yaliyotoboa kibanda cha wasafiri. Jioni ile, nyumbani kwa wageni, mwenzangu aliwasimulia watu jinsi nilivyoheshimu ombi la wenyeji nikarudi. Walinisifu. Nilikula viazi vyangu vikanishinda kumeza.

Siku ya tatu tulisimama Tangiwai, kwenye mto Whangaehu. Tarehe 24 Desemba 1953 ziwa la kreta ya Ruapehu lilivunja ukingo wake, likashusha maji, matope na mawe yaliyodhoofisha daraja la reli dakika chache kabla ya gari la moshi kutoka Wellington kufika. Walikufa watu 151, wengi wakienda kwa jamaa zao kwa ajili ya Krismasi. Machi 2007 ziwa likavunja ukingo tena. Safari hiyo vyombo vya tahadhari vilitoa habari mapema, barabara na reli zikafungwa, asife mtu. Tulisoma majina ya marehemu, nasi hatukusema neno.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza habari ya lile jiwe, na kwamba ni hofu iliyonishusha, wala si heshima, na kwamba sifa za usiku ule hazikuwa zangu.

Alitazama mto kwa kitambo. Kisha akauliza, "Na kama jiwe lisingetoka?"

"Ningefika juu."

Akatikisa kichwa, akaingia garini. Tulikwenda maili nyingi kabla hajaniomba nimpe ramani.